Sumukuvu nyingi inaua seli ya ini, sumukuvu kidogo inaiacha hai na kovu: tuelewane hapa

Chunguza Ini (mleta mada)

Wakuu, habari za leo.

Kila ikitajwa sumukuvu humu jukwaani, hakosekani mtu wa kuuliza: "Mbona mimi nimekula mahindi hayo tangu utotoni na niko fiti?" Nimeamua kufungua uzi kabisa, maana swali hilo linabeba imani ambayo inatuumiza: kwamba sumu nyingi inaumiza sana, sumu kidogo inaumiza kidogo, na usipoumia basi hakuna kilichotokea. Kwa kemikali zinazoharibu DNA mambo hayaendi hivyo. Dozi kubwa na dozi ndogo zinaipeleka seli kwenye njia mbili tofauti, na mwisho wake ni magonjwa mawili tofauti. Nitatumia aflatoksini, sumukuvu inayosumbua zaidi kwetu, kama mfano kwa sababu hiyo ndiyo iliyo kwenye ugali na karanga zetu.

Aflatoksini B1 hutengenezwa na kuvu, hasa Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus. Ikiwa bado kwenye punje, haina uwezo wa kushika DNA. Ini lako ndilo linalompa adui silaha. Vimeng'enya vya ini vya kundi la P450 huigeuza ili mwili uweze kuitoa, na katika kuigeuza huzaliwa kitu kinaitwa epoksidi, ambacho hakikai hata dakika kabla ya kung'ang'ania kilicho karibu. Kikikutana na glutathioni, kinga ya asili ya seli dhidi ya sumu, kinanaswa na kutolewa nje. Kikiponyoka, kinaingia kwenye kiini cha seli na kujibandika kwenye guanini, ile herufi G ya DNA.

Sasa tuangalie seli moja ya ini iliyopata mabandiko machache tu. Seli inagundua kuna tatizo. Protini ya p53, ambayo wanasayansi wanaiita mlinzi wa jenomu (yaani DNA yote ya seli), inaongezeka na kuamsha protini nyingine, p21, inayosimamisha mgawanyiko. Seli inatulia. Vimeng'enya vya ukarabati vinakata kipande kilichoharibika na kujaza upya kwa kunakili uzi wa pili wa DNA. Mara nyingi kazi inafanyika vizuri. Kumbukeni kila seli yetu inapata majeraha ya DNA makumi ya maelfu kila siku hata bila sumukuvu, kwa hiyo mafundi hawa wana uzoefu.

Shida ni pale bandiko linapobaki. Bandiko la aflatoksini lina tabia mbaya: baadhi yake hubadilika umbo, pete ya guanini inafunguka, na likifika hapo linakaa muda mrefu na ni gumu kuondoa. Seli ikigawanyika likiwa bado lipo, mashine ya kunakili inasoma vibaya na kuweka T mahali pa G. Kuanzia hapo hakuna tena kidonda cha kugundua. Herufi mpya ni herufi halali, DNA imekaa sawa, p53 inashuka, seli inaendelea na kazi. Huyo mtu hasikii chochote. Hana homa, hana maumivu, na vipimo vya ini vinaweza kutoka safi.

Mabandiko yakiwa mengi mno, picha ni nyingine. p53 haishuki tena. Badala ya kuamsha jeni za kusubiri na kukarabati peke yake, inaamsha jeni za kujiua, na seli inajivunja kwa utaratibu. Ukizidisha zaidi, hata huo utaratibu hauwezekani. Kimeng'enya cha PARP, ambacho kazi yake ni kutoa taarifa ya majeraha ya DNA, kinafanya kazi kupita kiasi na kumaliza akiba ya NAD, kemikali ambayo seli inaihitaji kutengeneza nishati. Nishati inakatika, na seli inapasuka na kumwaga vilivyomo. Aflatoksini nayo inaongeza yake: inazuia utengenezaji wa RNA na kushika protini. Seli nyingi zikifa kwa pamoja ini linashindwa kazi. Hapo ndipo unaona macho ya manjano, kutapika, tumbo kujaa maji, damu kutoka ovyo, na kifo ndani ya siku au wiki.

Nadhani mmeshaona ninakoelekea. Seli iliyokufa haiwezi kuzaa saratani. Saratani inatoka kwenye seli iliyoumia na ikaishi.

Hili la njia mbili si la aflatoksini peke yake. Etoposidi, dawa ya saratani inayokata DNA, imetumika maabara kuonyesha jambo hilihili: kwa dozi ndogo p53 inapanda na kushuka kwa mawimbi na seli zinasimama kugawanyika, kwa dozi kubwa inapanda moja kwa moja bila kushuka na seli zinakufa. Doksorubisini nayo, kwa dozi ndogo, huziingiza seli nyingi kwenye uzee: ziko hai lakini hazigawanyiki tena. Ongeza dozi, zinakufa.

Na kuna ushahidi ulioandikwa ndani ya saratani yenyewe. Mwaka 1991 watafiti walichunguza uvimbe 16 wa saratani ya ini kutoka Qidong, China, eneo lenye sumukuvu nyingi. Katika uvimbe 8 walikuta badiliko mahali palepale: herufi ya tatu ya kodoni (kundi la herufi tatu) ya 249 kwenye jeni ya TP53, na katika 7 kati ya hizo G imekuwa T. Mwaka huohuo wengine wakaripoti jambo kama hilo kutoka kusini mwa Afrika. Na jeni ya TP53 ndiyo inayotengeneza p53. Yaani herufi iliyokosewa iko kwenye maelekezo ya kumtengeneza mlinzi mwenyewe. Seli hiyo ikipata jeraha jingine kesho, haisimami ipasavyo na haijiui ipasavyo. Kila nikilifikiria hili linanitisha upya.

Karibuni tujadili.

Baba Lao

Mkuu, somo limeeleweka na hongera kwa kulileta kwa lugha yetu. Ila kuna jambo sijaridhika nalo. Wazee wetu walihifadhi mahindi kwenye vihenge vya udongo, hakukuwa na vipimo wala nini, na wapo waliofika miaka 90. Wewe unasemaje kuhusu hao?

Chunguza Ini

Mkuu Baba Lao, aliyefika miaka 90 tunamwona na tunamsalimia. Aliyekufa akiwa na miaka 42 tumbo limevimba, watu wakasema karogwa au "ni ini tu", hatumhesabu kwenye mjadala huu kwa sababu hayupo wa kuhesabiwa. Katika nchi nyingi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, mgonjwa wa saratani ya ini wa kawaida anagunduliwa akiwa katikati ya miaka ya 40. Ulaya na Marekani ni ugonjwa wa watu wazima zaidi, wa miaka 60 na kuendelea. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa inahusishwa na sumukuvu na homa ya ini B, ambazo sisi tunaanza kukutana nazo utotoni.

Halafu si kila aliyekula dozi ndogo atapata saratani, na sijasema hivyo. Badiliko moja la herufi halitoshi. Seli inahitaji kukusanya kadhaa. Dozi ndogo ni hatari inayoongezwa kila siku kwa kila anayekula. Kwa mtu mmoja huwezi kuiona. Kwa wilaya nzima, kwa miaka 30, unaiona kwenye wodi.

Mwana wa Mbooni

Salamu kutoka Makueni, ndugu zangu. Mwaka 2004 nilikuwa bado mtoto wa shule, lakini ile hali siwezi kuisahau. Ukame ulipiga, watu wakavuna mahindi mabichi na kuyaficha ndani ya nyumba, wengine chini ya vitanda, kwa kuogopa wezi. Nyumba zina unyevu, mahindi yakaota kuvu. Hesabu rasmi ilikuwa wagonjwa 317 na vifo 125, wengi kutoka Makueni na Kitui. Kabla ya hapo Machakos ilipata mkasa wake 1981, wagonjwa 20 na 12 kati yao wakafa.

Swali langu ni hili, Chunguza Ini. Kulikuwa na nyumba ambazo watu walikula sufuria moja, mmoja akafa, mwingine akapona, mwingine hakuugua kabisa. Kwa nini, ikiwa dozi ni ile ile?

Chunguza Ini

Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kutusimulia.

Kilichoingia sufuriani kilikuwa sawa. Kilichofika kwenye DNA hakikuwa sawa. Kati ya ugali na guanini kuna vituo vitatu, na watu wanatofautiana kwenye kila kimoja: ini linatengeneza epoksidi kiasi gani, glutathioni inanasa kiasi gani, na ukarabati unafanya kazi kwa kasi gani. Aliyekula kidogo siku hizo au mwenye lishe mbaya ana glutathioni haba. Panya wa maabara wanaonyesha jambo hili wazi mno: jamii ya panya wadogo inastahimili aflatoksini kwa kiwango cha ajabu kwa sababu kimeng'enya chao cha kuiunganisha na glutathioni ni kikali, lakini jamii nyingine, panya wakubwa, wanapata saratani kwa urahisi. Chakula kimoja, matokeo mbalimbali.

La pili ni homa ya ini B. Uchunguzi wa 2004 huko kwenu ulikuta waliougua walikuwa na virusi hivyo kwa wingi zaidi kuliko majirani zao ambao hawakuugua. Kwa hiyo ini lililokwisha kushambuliwa linaangushwa haraka na dozi kubwa. Na kwa dozi ndogo uhusiano huo ni mbaya zaidi. Utafiti wa wanaume wa Shanghai ulikuta kwamba mwenye alama za aflatoksini kwenye mkojo pekee alikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4 ya asiye nazo. Mwenye virusi pekee, mara 7.3, mwenye vyote viwili, mara 59.4. Jumlisha au zidisha, hufiki 59.

Sababu iko kwenye yale niliyoeleza juu. Bandiko linageuka kuwa badiliko la kudumu pale tu seli inapogawanyika. Ini la mtu mzima mwenye afya halina haraka ya kugawanyika, kwa hiyo mafundi wana muda. Virusi vinafanya kinga ya mwili iue seli zilizoambukizwa kidogo kidogo kila siku, na ini linajaza pengo kwa kuzifanya zilizobaki zigawanyike. Muda wa ukarabati unakatwa.

Na hapa njia mbili zinakutana. Aliyenusurika dozi kubwa 2004, ini lake lilijijenga upya kutoka kwa seli zilizonusurika, ambazo nazo zilikuwa na mabandiko na zikalazimika kugawanyika haraka. Kama unawafahamu walionusurika, waambie wapime homa ya ini B na wasikose kliniki.

Fundi wa Maabara

Mleta mada umeeleza vizuri, ila nataka kukubana kidogo kwenye suala la dozi ndogo. Wewe unaongea kana kwamba kila molekuli moja ni hatari. Mwaka 2007 Roche waliondoa sokoni Ulaya dawa ya VVU, Viracept, baada ya kukuta imechafuliwa na ethili methanisulfoneti, EMS, kemikali maarufu ya kubadilisha DNA. Panya walipopimwa kwa makini, hadi miligramu 25 kwa kilo ya uzito kwa siku hakukuwa na ongezeko lolote la mabadiliko ya jeni. Zaidi ya hapo ndipo mstari ukapanda. Wagonjwa walikuwa wamepata kiasi kidogo mno kulinganisha na hapo. Maana yake ukarabati unaweza kumaliza kazi yote chini ya kiwango fulani. Kwa nini aflatoksini isiwe hivyo?

Chunguza Ini

Swali zuri sana, na EMS ni mfano ninaouheshimu. Unaonyesha kitu ambacho watu wengi hawakukiamini kabla ya hapo: kemikali inaweza kugusa DNA na bado ikawa na kiwango ambacho chini yake seli inashinda kabisa.

Lakini kila kemikali ina bandiko lake. EMS inaweka kipande kidogo cha ethili, na seli ina kimeng'enya kinachokichomoa moja kwa moja bila kukata uzi wa DNA. Kinachomoa hadi vimeng'enya viishe; vikiisha, mstari unapanda. Aflatoksini inaweka kitu kikubwa na kipana, na ile sehemu iliyofunguka pete inakwepa ukarabati kwa muda mrefu.

Angalia panya wakubwa wa Wogan na wenzake, 1974, waliolishwa aflatoksini maisha yao yote. Kwa maikrogramu 100 kwa kilo ya chakula, panya 28 kati ya 28 walipata uvimbe wa ini. Kwa 50, panya 20 kati ya 25. Kwa 15, 4 kati ya 21. Kwa 5, mmoja kati ya 22. Kwa 1, wawili kati ya 22. Ambao hawakulishwa kabisa, sifuri kati ya 18. Ukiangalia chini kabisa ya orodha, panya 22 hawatoshi kukuambia kama kuna ukingo, yaani kiwango ambacho chini yake hakuna madhara, au hakuna. Ndiyo maana wataalamu wa chakula hawakuweka kiwango salama cha aflatoksini. Wanasema ishushwe kadiri inavyowezekana.

Nikupe na hoja inayokusaidia wewe. Mwaka 2014 kundi la watafiti wa Marekani liliwapa panya dawa inayoamsha uwezo wa ini wa kuondoa sumu, pamoja na aflatoksini. Mabandiko kwenye DNA yalipungua sana lakini hayakuisha. Hata hivyo hakuna panya hata mmoja wa kundi hilo aliyepata saratani, wakati kundi lisilopewa dawa karibu wote walipata. Kwa hiyo mabandiko peke yake hayatoshi. Seli za jirani kufa na ini kulazimika kujijenga kuna mchango mkubwa. Mimi nalichukua hilo kama sababu ya matumaini, kwamba kupunguza tu dozi, hata bila kuimaliza, kunaweza kulipa mara nyingi. Silichukui kama ruhusa ya kula.

Mama Wawili

Jamani mimi si mtu wa sayansi, ila nimesoma mpaka hapa na moyo unaenda mbio. Nina mtoto wa mwaka mmoja, namsagia unga wa lishe: mahindi, karanga, soya, mtama. Sasa nifanyeje? Nikiupika sana sumu haifi?

Chunguza Ini

Dada Mama Wawili, usihangaike, uko mahali ambapo unaweza kufanya mengi.

Kupika hakuiondoi. Aflatoksini inastahimili joto la jikoni, iwe uji, ugali au karanga za kukaanga.

Tupige hesabu pamoja. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo ya mahindi, na B1 isizidi 5. Mtu wa kilo 60 akila gramu 400 za unga uliofika ukingoni mwa kiwango hicho, anaingiza maikrogramu 4 kwa siku, kama 0.07 kwa kila kilo ya mwili wake. Dozi inayoangusha watu kwa ghafla inakadiriwa kuanzia maikrogramu 20 kwa kilo ya mwili kila siku, kwa wiki moja hadi tatu. Ni mara 300 hivi. Kwa hiyo chakula kinachokidhi kiwango hakiwezi kumuua mtu kwa njia ile ya 2004. Kinabaki na ile njia ya pili, polepole.

Mtoto wako wa kilo 10 akila uji wenye gramu 20 za karanga zilizo na maikrogramu 100 kwa kilo, na karanga mbovu zinafika huko bila shida, amepata maikrogramu 2, yaani 0.2 kwa kilo ya mwili wake. Karibu mara tatu ya yule mtu mzima, kwa kikombe kimoja. Karanga ndiyo ya kuanza nayo.

Nunua karanga nzima, usinunue zilizosagwa. Zimwage kwenye ungo penye mwanga, chambua moja moja: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika, yenye unga wa kijani au uchungu mdomoni, toa. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache mbaya ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima, kwa hiyo kuchambua kunashusha dozi kweli kweli. Mahindi nayo chambua, kisha koboa, maana sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Pumba hizo usimpe ng'ombe wa maziwa, sehemu itarudi kwako kwenye maziwa kama aflatoksini M1. Saga kidogo kidogo. Na hakikisha mtoto amemaliza chanjo zake za kliniki, kwa sababu ile ya sindano moja yenye kinga tano inamkinga na homa ya ini B. Kumbuka zile 59.4.

Mkulima wa Kiteto

Heshima kwenu wote. Huku kwetu tuna kumbukumbu ya 2016, Manyara na Dodoma, wagonjwa 68 na vifo 20. Tangu hapo nakausha juu ya turubai, siweki mahindi chini kwenye udongo, na natumia mifuko isiyopitisha hewa. Wengine wananyunyiza Aflasafe shambani, ile yenye kuvu wasiotoa sumu wanaowasukuma nje wale wabaya. Nzuri.

Ila nataka niulize jambo ambalo watu hawapendi kulisema. Mfanyabiashara akikutwa na gunia bovu, anachanganya na magunia tisa mazuri. Anasema "imepungua makali". Kwa maelezo yako hapo juu, hiyo ni sawa au si sawa?

Chunguza Ini

Mkulima, umegusa penyewe.

Gunia lenye maikrogramu 1,000 kwa kilo, likiliwa na familia moja, ni hatari inayoweza kuonekana. Watu wakiugua, hasa watoto, mganga wa wilaya anaitwa, sampuli zinachukuliwa, mahindi yanazuiwa. Ukilichanganya na magunia tisa safi, umepata magunia kumi yenye 100 kila moja, mara kumi ya kiwango kinachoruhusiwa. Hakuna atakayeanguka. Hakuna atakayelalamika. Umeitoa sumu kwenye dozi inayoweza kuua seli ukaiweka kwenye dozi inayoziacha hai zikiwa na mabandiko, tena kwenye maini ya familia kumi badala ya moja. Jumla ya sumu iliyoliwa haijapungua hata maikrogramu moja.

Kwa hiyo si sawa. Gunia kama hilo lichambuliwe kwanza. Likishindikana, lisiliwe, lisipelekwe kwa kuku wala ng'ombe wa maziwa, na lisiuzwe kwa wapika pombe. Nawasihi wenye mashine humu: mkiletewa mahindi yananuka uvundo, kataeni kuyasaga pamoja na ya wengine. Kinu kikisaga gunia bovu halafu likaingia la jirani bila kusafishwa, tayari mmeshachanganya.

Na wewe mkulima, unyevu wa kuingiza kwenye hiyo mifuko usizidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, weka kiganja cha punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, iache kama robo saa. Chumvi ikishikana kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Mkulima wa Kiteto

Nimekupata mkuu. Chupa na chumvi ninavyo, kesho naanza na magunia ya ghala la nyuma.